Darasa moja, maneno manne: kutochanganya Kireno cha shuleni

Chukua sentensi ambayo mwanafunzi yeyote wa Dodoma anaweza kuitamka asubuhi bila kufikiri: "Darasa letu halina darasa, kwa hiyo leo hakuna darasa la hesabu." Kila mtu ameelewa: mkondo wetu umekosa chumba, kipindi hakipo. Kwa Kireno sentensi hiyo ni *A nossa turma não tem sala, por isso hoje não há aula de Matemática*. "Darasa" limetajwa mara tatu, na kila mara Kireno kimetumia neno lake. Ukiongeza "sisi ni darasa la sita", unahitaji neno la nne.

Hapo ndipo makosa mengi ya wanaojifunza Kireno huku kwetu yanapozaliwa. Kosa halitoki kwenye Kireno, linatoka kwenye Kiswahili, kwa sababu neno letu moja limebeba kazi za maneno mengi na hatuhisi uzito wake. Kwa hiyo orodha ya "neno hili maana yake lile" haikusaidii kitu. Kinachosaidia ni kujiuliza swali kabla ya kutafsiri. Maelezo haya ni kwa anayejiandaa kwenda kusoma Maputo, Luanda, Lisboa au São Paulo, kwa mfasiri anayeletewa vyeti, na kwa mtumishi wa Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, anayepokea nyaraka za SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, ambako Kireno ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2019, Kiswahili chetu.

Darasa

Jiulize: hili darasa ninalolisema lina nini?

Lina mlango na madirisha? Ni *sala de aula*, au *sala* tu. Lina kengele ya kuanza na kumaliza? Ni *aula*, yaani kipindi, na chuoni ni mhadhara. Lina watu, na monita wao? Ni *turma*. Lina namba? Hapo inategemea nchi: Msumbiji na Angola ni *classe* (*10.ª classe*), Ureno ni *ano* (*10.º ano*), Brazili ni *ano* au *série*. Tazama hiyo alama ndogo baada ya namba. *Classe* ni ya kike, kwa hiyo *décima* na ª. *Ano* ni ya kiume, kwa hiyo *décimo* na º. Anayeandika *10.º classe* kwenye fomu ameonyesha kosa lake kabla ya kuulizwa chochote.

*Aula* ndilo linalowasumbua wengi, kwa sababu linafanana na ukumbi katika lugha nyingine za Ulaya. Katika Kireno usilijengee kuta. *Estou na aula* ni "niko kwenye kipindi", hata kama mwalimu anafundishia chini ya mbuyu. *Estou na sala* ni "niko chumbani", hata kama hakuna anayefundisha. Mwanafunzi *tem aulas*, mwalimu *dá aulas*. Ukimwambia mtu *dou aulas na UDOM* (Chuo Kikuu cha Dodoma) wakati wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, umejitambulisha kuwa mhadhiri.

"Mwalimu wa darasa" ni *director de turma* Msumbiji, na Ureno huandikwa *diretor de turma*, bila c, kwa tahajia mpya. Wasomaji wetu wengi wakiona *director* huhitimisha kuwa huyo ni mkuu wa shule. Sivyo. Mkuu wa shule ni *director da escola*. Soma neno linalofuata *de* au *da* kabla hujaamua barua umpelekee nani.

Namba nazo zina mtego wake. Kidato cha kwanza si *1.ª classe*. Kwa aliyesoma miaka 7 ya msingi, kidato cha kwanza ni mwaka wa 8 wa masomo, kidato cha nne ni wa 11, na cha sita ni wa 13. Msumbiji sekondari inaishia *12.ª classe*, Brazili ni miaka 9 ya *ensino fundamental* na 3 ya *ensino médio*. Kwa hiyo kwenye fomu usitafsiri "kidato cha nne" kuwa *4.ª classe*, kwani utaonekana mtoto wa miaka kumi. Andika jumla ya miaka: *11 anos de escolaridade*. Hiyo inaeleweka nchi zote.

Kusoma

Hili ni gumu kuliko darasa, maana ni kitenzi, na kitenzi kinatoka mdomoni kabla akili haijafika.

"Kusoma" kwa macho, kupitisha jicho kwenye maandishi, ni *ler*. Kusoma kwa maana ya kuwa mwanafunzi, au kujisomea kwa ajili ya mtihani, ni *estudar*. "Nasoma UDOM" ni *Estudo na UDOM*. Ukisema *Leio na UDOM* umesema kwamba ukifika pale unafungua gazeti. "Nimesoma usiku kucha" ya wakati wa mitihani ni *Estudei a noite toda*. *Li a noite toda* ni ya mtu aliyenogewa na riwaya. Pima na hii: "Mwanangu hasomi tena." Kama ameacha shule, *O meu filho já não estuda*. Ukiweka *já não lê*, msikilizaji ataelewa kuwa kijana hagusi tena kitabu, au labda macho yamemsumbua, lakini hatajua kuwa ameacha shule.

Kipimo chepesi: ongeza "kwa sauti" mwishoni mwa sentensi ya Kiswahili. Ikikubali bila kuwa kichekesho, tumia *ler*. "Soma aya hii kwa sauti" inakubali. "Anasoma Chuo cha Mipango kwa sauti" haikubali, kwa hiyo ni *estudar*.

Viambishi vyetu navyo vinaongeza kazi. "Anasomea udaktari" ni *estuda Medicina*. Mreno atasema pia *está a tirar o curso de Medicina*, Mbrazili *está fazendo faculdade de Medicina*. "Baba anamsomesha" mara nyingi si habari ya kufundisha hata kidogo, ni habari ya ada: *O pai paga-lhe os estudos*. Ukitumia *ensina*, umemgeuza mzee kuwa mwalimu. Na "kujifunza" ni *aprender*, ambalo linadai *a* kabla ya kitenzi kingine: *aprender a ler*, kujifunza kusoma. Kuliacha *a* hilo ni kosa linalosikika mara moja.

"Kukariri" pia lina pande mbili. Kukariri shairi ni *decorar*, neno ambalo lina maana ya pili ya kupamba. Kukariri darasa ni *repetir o ano*, au Msumbiji *repetir a classe*.

Noti, alama na pesa

*Nota* ni alama ya mtihani. Vilevile ni noti ya benki. Kile ambacho wanachuo wetu huita "noti", yaani alichoandika ubaoni mhadhiri nawe ukakinakili daftarini, Ureno na Msumbiji huitwa *apontamentos*, na Brazili *anotações*. Ukitaka kuazima noti za mwenzako, sema *Emprestas-me os teus apontamentos?* Ukisema *Emprestas-me as tuas notas?* atashangaa, ama unataka alama zake, ama unataka hela zake.

Halafu tazama vipimo. Ureno na Msumbiji chuoni alama ni kati ya 0 na 20, zinaitwa *valores*, na 10 ndiyo ya kufaulu. Mtu akikuambia kwa furaha *Tirei 14 valores*, mpe hongera; usifikirie 14 kwa mia. Brazili kipimo cha kawaida ni 0 hadi 10. Kwa hiyo 9 Maputo ni kufeli na 9 São Paulo ni kung'ara. Mfasiri wa vyeti lazima aandike kipimo pamoja na alama, *14/20* au *9/10*, la sivyo amemharibia mtu maisha kwa namba sahihi.

*Propina* ndilo neno la hatari kuliko yote katika makala hii. Ureno, Angola na Msumbiji ni ada ya masomo. Brazili ni rushwa. Barua ya kuuliza chuo cha Brazili *Qual é o valor da propina?* inauliza chuo kinataka rushwa kiasi gani. Kwa Brazili tumia *mensalidade*, malipo ya kila mwezi. Ukikutana na *propina* kwenye habari, tazama kwanza gazeti ni la nchi gani.

*Bolsa de estudo* ni ufadhili, pesa ambayo hairudishwi. Bumu si *bolsa*: ni mkopo, na mkopo ni *empréstimo*. Anayejaza kwenye fomu kwamba anapata *bolsa* wakati anachopata ni mkopo wa serikali anatoa maelezo yasiyo ya kweli, hata kama hakukusudia. Neno *bolsa* peke yake Brazili ni mkoba wa mwanamke. Begi la shule la mgongoni ni *mochila* kila mahali.

Kozi, somo, cheti

Wanachuo wa Dodoma husema "kozi" kwa programu nzima ya miaka mitatu, na husema "kozi" kwa somo moja la muhula. Kireno hakikubali. *Curso* ni programu nzima: *curso de Direito*. Somo moja la chuo, Ureno, Angola na Msumbiji, ni *cadeira*, neno lile lile la kiti. *Ainda me faltam duas cadeiras* si malalamiko ya uhaba wa viti. Ni mtu amebakiza masomo mawili. Brazili wangesema *matéria* au *disciplina*. Na *disciplina* ni somo na pia nidhamu, muktadha ndio unaoamua; ikiwa kwenye wingi, *disciplinas*, karibu kila mara ni masomo.

*Colégio* na koleji yetu hazifanani. Ureno *colégio* kwa kawaida ni shule ya binafsi, na Brazili ni shule ya msingi au sekondari. Ndaki ya UDOM ukiiita *colégio* umeishusha hadi sekondari. Tumia *faculdade*, ambalo Ureno na Msumbiji ni kitivo ndani ya chuo kikuu. Mbrazili hulitumia pia kwa masomo ya chuo kwa jumla: *Ela faz faculdade* ni "yuko chuo kikuu".

*Professor* ni mwalimu yeyote, hata wa darasa la kwanza. Profesa wetu, yule aliyefika kilele cha ngazi za kitaaluma, Ureno na Msumbiji ni *professor catedrático*, na Brazili *professor titular*. Kwenye mialiko usiandike *Professor* peke yake ukadhani umempa mtu heshima yake yote.

Cheti kina shida ya pekee. *Diploma* kwa Kireno ni karatasi yenyewe inayothibitisha kuhitimu, ya ngazi yoyote. Stashahada yetu ni ngazi, kwa hiyo ukiandika *diploma* tu, msomaji hajui ni ngazi gani. Taja muda wa masomo na taja kwamba ni chini ya shahada. Shahada ya kwanza ni *licenciatura* Ureno, Angola na Msumbiji, kwa fani zote. Brazili *licenciatura* ni shahada ya kuandaa walimu, na fani nyingine nyingi ni *bacharelado*. Mhitimu wa jiolojia anayeomba nafasi Brazili akijiita *licenciado*, watamwona mwalimu. Uzamili ni *mestrado* pote. Uzamivu ni *doutoramento* Ureno, *doutorado* Brazili.

Mtihani

Mtihani *unafanywa*: *fazer um exame*. Usitafute kitenzi kingine. Jaribio la darasani Ureno na Msumbiji ni *teste*. Mtihani mkubwa ni *exame*. Mbrazili huita vyote *prova*. Kufaulu ni *passar*, kufeli ni *reprovar*, na mitaani Ureno na Msumbiji ni *chumbar*. *Chumbar* lisikie, lisome, lakini kwenye barua rasmi andika *reprovar*.

Kushika sapu, yaani kurudia mtihani uliofeli: Ureno *exame de recurso*, Msumbiji *exame de recorrência*, Brazili *recuperação*. Orodha ya matokeo inayobandikwa ukutani ni *pauta*. Tuisheni ni *explicação*, na mwalimu wake *explicador*; Mbrazili atasema *aula particular*. Kikaratasi cha kuibia mtihani ni *cábula*, Brazili *cola*, ambalo pia ni gundi.

Mitego inayoletwa na Kiingereza tulichokisoma kwanza

*Livraria* ni duka la vitabu. Maktaba ni *biblioteca*. *Leitura* ni usomaji, si mhadhara. *Assistir a uma aula* ni kuhudhuria kipindi, wala humsaidii mtu yeyote. Kusaidia ni *ajudar*. *Pretendo estudar* ni "nakusudia kusoma", hakuna kujifanya hapo. Na *educado* ni mwenye adabu. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika anaweza kuwa *muito educado*, na msomi anaweza kuwa *mal-educado*.

Upande wa pili, Kiswahili chenyewe kina maneno ya Kireno yaliyofika pwani karne nyingi zilizopita, na haya hutudanganya kwa upole. "Meza" na *mesa* bado ni ndugu wa kweli. Lakini dawati la mwanafunzi ni *carteira*, ambalo pia ni pochi: *Deixei o livro na carteira*, kitabu nimekiacha kwenye dawati, maana pochini hakiingii. "Karata" imetoka kwa *carta*, na leo *carta* ya kwanza inayomjia Mreno akilini ni barua.

Neno moja la tahadhari kuhusu watu. *Rapariga* Ureno na Msumbiji ni msichana, neno safi kabisa. Sehemu nyingi za Brazili ni tusi. Ukiwa na Wabrazili darasani tumia *menina* kwa mtoto na *moça* kwa aliyekua. Usingoje kurekebishwa.

Daftari la kuyatenganisha

Chukua daftari la kaunta, gawa ukurasa kwa mistari miwili upate safu tatu: sentensi ya Kiswahili, sentensi ya Kireno, nchi. Usiandike neno peke yake hata mara moja. Sentensi tano kwa siku zinatosha. Kumi zinaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Safu ya nchi usiiache tupu: M kwa Msumbiji, A kwa Angola, U kwa Ureno, B kwa Brazili, na mstari mlalo kwa neno linalotumika pote. Baada ya siku saba ziba safu ya Kireno kwa rula au kadi, usome Kiswahili kwa sauti, uandike upya pembeni. Panapokosewa mara mbili, acha kukariri sentensi hiyo na utunge nyingine yenye mahali unapopajua: kipindi cha saa mbili Ng'ong'ona, duka la vitabu la pale Jamatini, tuisheni ya jioni Area C. Neno lenye mahali halipotei haraka.

Kosa la kawaida hapa ni kuchanganya nchi katika sentensi moja, *propina* ya Maputo pamoja na *mensalidade* ya São Paulo. Chagua nchi unayoiendea, ijaze hiyo kwanza, nyingine ziwe za kutambua tu ukizisikia.

Ratiba

Ratiba ni *horário*, na siku zake zinahitaji uangalifu kwa sababu Wareno nao wanazihesabu kwa namba, lakini wanaanzia Jumapili ilhali sisi tunaanzia Jumamosi. *Segunda-feira*, "ya pili", ni Jumatatu. *Terça-feira*, "ya tatu", ni Jumanne. *Quarta-feira*, "ya nne", ni Jumatano. Kwa siku hizo tatu namba yetu inazidi yao kwa moja. *Quinta-feira* ni Alhamisi, na hapa namba zinakutana, kwa kuwa Alhamisi ni tano ya Kiarabu. *Sexta-feira* ni Ijumaa. *Sábado* na *domingo*, yaani Jumamosi na Jumapili, hazina namba kwao.

Mbao za matangazo hufupisha: *2.ª, 3.ª, 4.ª, 5.ª, 6.ª*. Anayesoma *Exame: 2.ª* akakumbuka "pili" atafika Jumapili na kukuta geti limefungwa. Huyo ana nafuu, kwa sababu siku ya mtihani bado haijafika. Hasara iko kwa anayeandika: ukitaka Wamsumbiji wafike Jumatatu nawe ukaandika *terça-feira* kwa kuwa umesikia "tatu", watafika Jumanne, kikao kimekwisha. Kwa hiyo kwenye tangazo unaloandika wewe, weka tarehe kando ya siku.